Pa Kuweka Mikono ya Watu

Laptop ambayo mume wangu alimnunulia dada yake ilikuwa ya rangi ya dhahabu, nyembamba, nzuri kiasi kwamba hata mimi niliitamani, na sifa ya kwanza aliyoisoma kwenye boksi, kwa sauti, mbele ya familia nzima, ilikuwa spika. Spika nne. Alisema ukifungulia muziki, chumba kizima kinageuka ukumbi.

Dada yake ni kiziwi. Homa ilimpitia akiwa mtoto wa kutambaa, akapona, masikio hayakurudi. Mume wangu analijua hilo kuliko mtu yeyote, maana walilala chumba kimoja mpaka dada alipopelekwa shule ya bweni. Hata hivyo alisimama pale sebuleni Ijumaa jioni, boksi mkononi, akatutajia spika nne, na mama mkwe akapiga makofi. Mimi nilitazama dari. Nilijua nikimtazama yeyote kati yao nitasema neno.

Niseme mapema kwamba nina hasira za karibu, na kwamba huyu wifi yangu ndiye ninayempenda kuliko wote katika ukoo nilioolewa, mume wangu naye nikiwa nimemhesabu. Wifi ninayemsema ni wa ukoo, si ile ya intaneti. Mashemeji zangu wameupiga mzaha huo mpaka umechakaa.

Viziwi hupeana majina ya mikono. La kwake ni kidole cha shahada kikigusa shavu la kushoto, pale panapoingia kishimo akicheka. Basi nitamwita Kishimo, kwa sababu ndivyo anavyoitwa na watu wanaomjua. Jina la kwenye kitambulisho ni la watu wa benki. Na maneno yake nitayaandika kama ya mtu mwingine yeyote, asije mtu akaniuliza alisemaje wakati hasemi. Anasema. Anasema kunishinda mimi, na mimi si haba.

Kazi yake ni kushona. Karakana yao iko nyuma ya maghala ya vitambaa, chumba kirefu cha chini chenye madirisha makubwa upande mmoja, cherehani zimepangwa kwa mistari. Wanashona mashuka ya hospitali, sare za shule na mapazia ya ofisi. Zaidi ya nusu ya mafundi ni viziwi. Inasemekana mwenye karakana wa kwanza alichoshwa na wafanyakazi waliokuwa wakipayuka siku nzima ili wasikike juu ya kelele za mashine, akaajiri mwanamke mmoja kiziwi, akaona anaelewana kwa mikono na mwenzake aliye mwisho wa chumba bila kuinuka kitini. Akatafuta wa pili na wa tatu, na warithi wake wakaendelea hivyohivyo.

Kwa muda wote huo wale wanawake wamejitengenezea alama zao wenyewe. Zipo za kazi: tundu la kifungo, pindo lililopotoka, kitambaa kinachonywea kikifuliwa. Zipo na za watu. Mteja anayebadili mawazo baada ya kitambaa kukatwa ana alama yake, vidole viwili vikifunga na kufungua kama mkasi huku uso ukitazama pembeni, na siku niliyoiona mara ya kwanza nilicheka mpaka nikaomba maji. Walimu wa shule za viziwi hawazijui alama hizi. Hakuna kitabu kilichoziandika. Ziko kwenye mikono ya wanawake wale, na mikono inazeeka.

Kwa hiyo Kishimo anazirekodi. Mchana wa mapumziko anamkalisha fundi mmoja mbele ya ukuta mweupe, karibu na dirisha, anamwomba asimulie kazi yake na maisha yake kwa alama za karakana. Anarekodi kwa simu. Simu ikijaa anahamishia kwenye laptop, huko anakata, anapanga, anaandika maelezo chini. Mtu wa maandishi anaweza kujaza makabati na bado yote yakakaa kwenye kijinafasi kidogo cha kompyuta. Kishimo akimwacha mtu mmoja azungumze mchana mmoja tu, nafasi imekwenda.

Na laptop yake ya zamani ilikuwa imejaa. Bawaba moja ilishavunjika, akaifunga kwa utepe wa pazia. Kila akitaka kurekodi mtu mpya ilimbidi amfute mtu. Narudia, kwa sababu mume wangu alichukua muda mrefu kuelewa: alikuwa anafuta watu. Alianza na video zilizotetemeka. Akafuata zenye giza. Zilipobaki nzuri tupu, akaanza kufuta nzuri. Alimfuta mpiga pasi, mama mmoja mnene, mcheshi kuliko wote pale ndani, kwa kuwa alikuwa na nguvu zake, yupo kila siku, angerekodiwa tena wakati wowote. Mpiga pasi akaugua ghafla, akafa.

Siku ya maziko Kishimo alikuja kwangu, akaketi jikoni, mikono mapajani. Kwa mtu kama yeye huko ndiko kunyamaza. Nilipika, nikapakua, nikaosha vyombo, mikono bado imelala palepale.

Safari hii aliyekuwa akingojewa ni Fundi Mkubwa, mkata vitambaa, yule yule mwanamke wa kwanza kuajiriwa. Nusu ya alama za karakana alizibuni yeye. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na Jumapili binti yake alikuwa anakuja kumchukua akaishi naye mbali, asirudi. Kwenye laptop ya zamani hapakuwa na nafasi hata ya kumsikiliza nusu saa, labda afutwe mwingine, na Kishimo alishaapa kwamba hamfuti tena mtu. Hivyo ndivyo tulivyomwendea mume wangu. Naye akatuletea spika.

Kishimo aliipokea laptop ya dhahabu kwa mikono miwili, akamkumbatia kaka yake, akaiwasha. Akaenda moja kwa moja panapoonyesha nafasi. Giga mia moja ishirini na nane, na sehemu ya hizo ilishaliwa na mambo ya laptop yenyewe. Akaigeuza ubavu huu, akaigeuza ule. Tundu moja tu la waya, na hilo hilo ndilo la chaja. Akaizima, akairudisha kwenye boksi na karatasi zake zote, akanigeukia.

"Mwambie kaka asante. Mwambie ni nzuri. Mwambie irudi dukani."

Nikayasema yote matatu. Sijui kupunguza, wala sina mpango wa kujifunza.

"Irudi kwani ina nini?" mume wangu akauliza.

"Ni ndogo."

"Ndogo kwa lipi? Atajaza nini humo? Muziki hasikilizi. Mimi mwenyewe ofisini natumia kama hiyo na haijafika nusu."

Nilipoanza kutafsiri, mama mkwe alinivuta upindo wa gauni akininong'oneza niruke hapo kwenye muziki. Sikuruka. Tangu niolewe watu wa nyumba hii wananiambia niruke hapa, nilainishe pale, kana kwamba kiziwi akifichwa dharau ndiyo ameheshimiwa.

Kishimo alisubiri nimalize. "Mwambie yeye anaweka barua. Mimi naweka watu."

"Basi aweke mtandaoni," mume wangu akasema. "Siku hizi kila kitu kinakaa mtandaoni. Laptop ni mlango tu." Alilisema kwa kujivuna kidogo, nikajua kalitoa dukani likiwa bado la moto.

"Karakana mtandao unashika dirishani tu, na ukishika unajikokota," Kishimo akajibu. "Nikianza kupandisha video moja naweza kushona shuka zima bado inapanda. Na siku kifurushi kikiisha je? Nibishe hodi kwa watu wangu mwenyewe, nisifunguliwe?"

Hapo ndipo mume wangu alipogeuza uso ukutani. Ni mchezo wa tangu utoto wao. Kishimo anasoma midomo, basi kila mtu wa nyumba hii mwenye neno baya humpa mgongo kwanza. Akasema kwa sauti ya chini, "Huyu hana shukrani."

Kishimo alizunguka kiti, akajipenyeza kati yake na ukuta, akasimama pale. "Liseme ukinitazama," akasema, na hilo nililitafsiri kwa raha zote.

"Nimesema huna shukrani."

"Ninayo. Ndiyo maana sikuiweka kabatini nikakudanganya kwamba naitumia."

Mama mkwe akaona mambo yanaharibika. Si mtu mbaya, ila kwake amani ni Kishimo kukubali. "Mwanangu, si upokee tu," akasema akiwa amemshika mkono, jambo ambalo kwa kiziwi ni sawa na kumziba mdomo. "Kaka yako kajitahidi. Mengine tutaona mbele."

Kishimo aliutoa mkono wake polepole. Akamtazama mama yake usoni, nami nikatafsiri. "Mama, nimekuwa napokea tu. Nimepokea viatu visivyonitosha kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Nimepokea kiti cha mwisho mezani, ambako mdomo wa mtu hauonekani, nikala nikitazama migongo. Mlipocheka niliambiwa nitaelezwa baadaye, na baadaye haikuja. Yote hayo nilipokea. Hii sipokei."

Mume wangu alichukua funguo zake akatoka nje. Duka lilikuwa linaruhusu kubadilisha mali ndani ya wiki, mradi boksi liwe salama, na boksi lilikuwa salama. Kabla ya kulala alisema twende wenyewe, yeye amenawa mikono. Asubuhi ya Jumamosi tukamkuta ameshavaa, amesimama mlangoni. "Mtadanganywa," akasema.

Duka lile lina kioo mbele, laptop zimepangwa juu ya meza ndefu, kila moja imefungwa kwa waya wake. Muuzaji alikuwa mtu wa rika langu, tai imelegea, macho ya mtu ambaye hakulala vizuri. Akamkaribisha mume wangu kama bosi. Kisha akaniuliza mimi, "Dada huyu anapendelea nini?"

"Muulize."

"Nimuulize vipi?"

"Mtazame yeye. Ukinitazama mimi, utakuwa unaniuzia mimi."

Nilitegemea anune. Hakununa. Alimgeukia Kishimo, akaivuta tai mahali pake, akamuuliza anataka mashine ya kazi gani. Kishimo akamweleza, mpaka habari ya Fundi Mkubwa anayeondoka kesho. Muuzaji alisikiliza sauti yangu lakini macho akayaacha kwake, jambo ambalo watu wa familia wamelishindwa mpaka leo.

Akatuletea moja ya kijivu, bei ileile ya ile ya dhahabu. "Hii ina terabaiti moja. Ni zaidi ya mara saba ya mliyorudisha."

"Umeona?" mume wangu akasema, amechangamka. "Imekwisha. Ifungwe twende."

Kishimo alitoa flashi kwenye pochi, akaichomeka, akaanza kuhamisha video ya fundi wa mapazia. Wakati inahamia aliweka kiganja juu ya mashine, pale pembeni pa kibodi, akatulia kama mtu anayempima mtoto homa. "Humu ndani kuna kitu kinazunguka," akasema. "Kinahangaika."

"Kinazunguka kweli," muuzaji akakubali. "Ni diski ya zamani, ina sahani inayozunguka ndani. Nafasi kubwa, mwendo mdogo. Ndiyo maana bei imeshuka."

Video ilipomaliza kuhamia, Kishimo akaifungua. Fundi wa mapazia ni mzungumzaji wa kasi, mikono yake haishikiki, na mashine ile haikumuweza. Picha ikaganda, ikaruka, ikaganda tena. Mkono ulikuwa kifuani, mara uko begani, katikati hakuna kitu. Kwa sisi tunaosikia, picha ikikwama sauti inaendelea na mtu humpotezi. Kwa Kishimo picha ikiruka, neno limeliwa.

"Amekuwa na kigugumizi," akaniambia. "Hajawahi kuwa na kigugumizi huyu." Akachomoa flashi yake. "Hapana."

Mume wangu akashusha pumzi. "Sasa unataka nini, helikopta?"

Nikatafsiri na helikopta. Kishimo hakucheka. Akamjibu muuzaji, si kaka yake. "Nataka picha isiruke. Nataka nafasi. Nataka matundu ya waya, si tundu. Nataka kioo kisichong'aa, maana nakaa dirishani na nikikitazama naona uso wangu. Wepesi sihitaji, nabeba marobota ya vitambaa. Spika sihitaji. Kama zinatolewa, zitolewe, hapo pakae watu."

Muuzaji akacheka, kisha akaacha kucheka, akakuna kidevu. "Kuna kitu," akasema. "Ila hakipendezi."

Alikwenda nyuma, akarudi na mashine nyeusi, nene, pembe zimechubuka, juu ya mfuniko kuna alama ya stika iliyobanduliwa. Akaieleza bila kuipamba. Ilikuwa ya ofisi fulani, imetumika, fundi wao ameisafisha. Betri imechoka, haifiki mbali bila umeme. Kamera yake ni ya kujionea aibu. Lakini kioo haking'ai, matundu yamejaa pande zote, na ukiifungua chini ina sehemu mbili za kuweka diski, hizi za kisasa zisizozunguka. "Naweza kukuwekea moja ya terabaiti leo hii, na ramu nikaongeza ili picha zisikwame. Sehemu ya pili ibaki wazi. Ukijaza, unakuja, tunaweka nyingine."

Kishimo akanitazama kuona kama nimekosea. "Inaongezeka?"

"Inaongezeka," muuzaji akasema. "Ile ya dhahabu haifunguki. Ilivyotoka kiwandani ndivyo itakavyokufa."

Hilo Kishimo alikuwa halijui, wala mimi. Alikuwa ameingia dukani akitafuta nafasi ya kutosha, na miezi yote ile alikuwa akipiga hesabu kichwani nani akae, nani atoke. Hakuwa amewahi kufikiria mashine ambayo ikijaa unaipa tumbo jingine. Macho yalimlowa na hakujificha. Nilimpenda kwa hilo pia.

"Huu mkweche?" mume wangu akasema. "Watu wakimwona nao watasema nimemnunulia dada yangu mtumba."

"Watu gani?" Mtafsiri hana ruhusa ya kuuliza, lakini mke anayo.

"Watu."

"Wataje."

Kishimo alikuwa amenisoma midomo, akaona amjibu mwenyewe. "Wakikuuliza, waambie, 'Dada yangu ndiye aliyechagua.' Si uongo, na utakuwa wewe wa kwanza katika ukoo kulisema."

Mume wangu alinywea. Akasogea pembeni, kwenye ukuta wa vifaa vya masikioni, vitu vya kuzibia na kuongezea sauti vya kila namna, akasimama pale akivitazama bila kuviona. Fundi wa duka alipokuwa anafunga diski nikamfuata mume wangu.

"Kwa nini hamkuniambia kwamba yule bibi anaondoka kesho?" akaniuliza.

"Uliambiwa wiki nzima. Ulikuwa unatazama midomo yangu. Mikono yake hukuitazama."

Sikumlainishia. Ndoa yetu haijawahi kuishi kwa kulainishiana.

Mashine nyeusi ilipokuwa tayari Kishimo aliipima kwa kiganja. Ilikuwa imetulia tuli. Akafungua fundi wa mapazia, akamwacha azungumze mpaka mwisho, mikono ikipita kioo kizima bila kupotea hata kidole. Bei ya diski na ramu ilikula tofauti iliyobaki kati yake na ile ya dhahabu, tukatoka hatudai wala hatudaiwi. Mume wangu alitaka kuibeba. Kishimo alimpa chaja.

Karakana siku za Jumamosi mchana inakuwa tupu. Cherehani zimefunikwa, sakafu imefagiwa, nyuzi zimekusanywa pembeni kwa rangi zake. Fundi Mkubwa alitukuta tumeshaweka kiti mbele ya ukuta mweupe. Alikuwa mwembamba, mrefu, amevaa gauni lake la kutokea, na kidole gumba cha kulia kina sugu ya mkasi isiyotoka tena. Tuliposalimiana nilihisi mikono yake ikitetemeka ndani ya yangu.

Jua lilikuwa linampiga upande mmoja tu wa uso. Kishimo akachukua shuka jeupe la hospitali, akampa kaka yake alishike upande wa pili limrudishie mwanga. Mume wangu, meneja mzima, akasimama na shuka mikononi kama mtu anayeanika nguo. Nilijizuia nisipige picha.

Fundi Mkubwa akaanza. Alikuja na masimulizi aliyokwisha kuyafupisha ili asijaze nafasi, nikalitambua hilo mara moja. Alitaja alipozaliwa, akaruka, akafika karakana, akaruka, akaonyesha alama za kukata moja baada ya nyingine, haraka haraka, kama anayemkabidhi mwenzake zamu. Mkono wa kulia ulipotetemeka sana aliushika kwa wa kushoto, akangoja, akaendelea.

"Anasema nini?" mume wangu akaninong'oneza.

"Leo sitafsiri."

"Si uniambie kidogo tu."

"Nimekuja kutazama. Tazama na wewe."

Alikunja uso. Nami nikaubana mdomo ili nisishawishike, kwa kuwa mazoea ni kitu kibaya, na mimi ndiye niliyemzoesha. Alikuwa na dada mwenye lugha, akaoa mke wa kumfanyia kazi ya kumsikiliza. Basi akabaki na shuka lake, akatazama. Mwanzoni alitazama kama mtu aliye kwenye foleni. Kisha Fundi Mkubwa akafika kwa bosi wa kwanza, akasimama, akatembea hatua chache, tumbo mbele, mikono nyuma, akikagua cherehani asizojua kuzitumia. Mume wangu akacheka. Alicheka palepale panapochekesha, na hakuna aliyemweleza. Kishimo aliona shuka linatikisika, akageuka akamtazama kaka yake, kishimo kikaingia shavuni. Akarudi kwenye simu yake.

Simu ikajaa. Kishimo akainua kiganja, na Fundi Mkubwa alikuwa anaijua ishara hiyo. Wote pale ndani wanaijua. Hakulalamika. Alikata sentensi katikati, akaishusha mikono, akainama kutafuta mkoba wake chini ya kiti, kisha akaanza kuvaa kandambili zake moja moja, maana miguu nayo imeanza kumsumbua.

Kishimo alichomeka waya. Nilikuwa nimezoea ile laptop ya zamani, unachomeka unakwenda kunywa chai, unarudi bado. Hii nyeusi ilimaliza kabla kandambili ya pili haijaingia mguuni. Akafungua video kuhakikisha, akaisafisha simu, akairudisha kwenye kishikio chake, ikiwa imewaka, ikikitazama kiti.

Fundi Mkubwa akainua uso. "Imejaa?"

"Simu ndiyo iliyojaa," Kishimo akasema. "Hii bado."

Mzee yule akaitazama mashine, mfuniko wenye alama ya stika, pembe zilizochubuka. Kisha akamtazama Kishimo kwa namna iliyonifanya nisogee karibu, na akauliza polepole, vidole vikitetemeka, swali ambalo nadhani kila fundi aliyeketi kwenye kiti kile alikuwa akilibeba na hakuwahi kulitoa.

"Umemtoa nani?"

"Sijamtoa mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Na ikijaa, inaongezwa."

Mume wangu hakuniuliza walichosema. Alilinyosha shuka likawa kama lilivyokuwa, akainua mikono juu zaidi. Fundi Mkubwa akavua kandambili. Akausukuma mkoba chini ya kiti.

"Basi ile simulizi ya kwanza iacheni," akasema. "Ile niliibana."

Akavuta kiti mbele, akaiweka mikono magotini mpaka ikatulia kidogo, akaanza na mama yake.